Kumi na Sita Mara Mbili

Pini zilikuwa zimegeuka. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona.

Mimi natumia mkono wa kushoto. Nikibana kitambaa au karatasi, kichwa cha pini kinabaki upande wa kushoto. Mzee Shafiq, fundi cherehani aliyenifundisha kazi, alikuwa akinitania kwamba nguo zangu zimeshonwa na mtu wa ndani ya kioo. Asubuhi ile nilipokea bahasha kutoka mkononi mwa Dada Mukantwari, nikachungulia ndani. Fomu nane za siku mbili zilizopita zilikuwa zimebanwa vizuri, kingo zimelingana, pini mbili kama nilivyoziacha. Lakini vichwa vya pini vilikuwa kulia.

Nikafunga bahasha, nikaiweka kwapani.

"Twende, msaidizi," Dada Mukantwari akasema.

Nikaenda.

Ilikuwa Novemba 1993. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikiishi mtaa wa Rwezamenyo kwa shangazi yangu Kabagwira, dada wa baba. Shule niliiacha darasa la tano, mwaka baba alipofariki. Kusoma nilijua, kuandika nilijua kwa taabu, lakini kusema ndiko kulikonishinda. Mteja akiniuliza jina langu, Mzee Shafiq ndiye aliyejibu. "Huyu ni Kaze," alisema. "Mdomo wake uko kwenye sindano, usimsumbue."

Dada Mukantwari alikuja dukani kutengeneza zipu ya sketi. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, anasomea shahada ya ustawi wa jamii. Ili amalize, chuo kilimtaka aandike kitabu juu ya maisha ya familia za mjini, na kitabu hicho kilihitaji fomu sitini, nyumba sitini, zilizojazwa kwa mkono. Alikuwa amezunguka wiki nzima mtaani kwetu bila kufunguliwa mlango hata mmoja. Vita ilikuwa na miaka mitatu sasa, na mgeni mwenye karatasi hakuna aliyempenda.

"Mchukue huyu," Mzee Shafiq akamwambia, akininyooshea mita. "Ndiye anayepeleka nguo majumbani. Kila mlango unamjua. Hataongea, lakini utafunguliwa."

Ikawa hivyo. Mimi nilibisha hodi, Dada Mukantwari akauliza maswali. Yeye alijaza majibu, mimi niliandika namba ya nyumba juu kwenye kona. Alasiri nilizibana fomu za siku hiyo kwa pini za dukani, naye akazipeleka alikopanga, kwa Mzee Nsengiyumva, karani mstaafu aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yake. Mzee huyo alimpa chumba bure, na kabati lenye ufunguo la kuwekea karatasi.

Siku ya kwanza alinikalisha kwenye kizingiti cha duka akanifundisha.

"Kazi yetu ina sheria moja kubwa, Kaze. Kinachosemwa ndani ya nyumba ni mali ya nyumba ile. Hatukitoi nje. Hata kwa mama yako hukisemi. Utaweza?"

Mzee Shafiq akacheka hadi akavua miwani. "Unamuuliza samaki kama ataweza kuogelea!"

Alinipa kalamu yenye kifuniko cha fedha. Alisema kazi ikiisha, atanipeleka kwa masista waliokuwa na shule ya jioni, nimalize darasa la sita na kufanya mtihani. "Wewe una macho," alisema. "Mtu mwenye macho asikae nusu ya shule." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kitu kama hicho. Na alipenda kuniita msaidizi mbele ya watu. Nilipopita barabarani na bahasha ile kwapani, hata wauza nyanya walinisalimu kwanza.

Fomu ilikuwa na maswali ishirini na mawili. Nani anaishi hapa. Umri. Kazi. Kabila, kama lilivyoandikwa kwenye kitambulisho. Vyumba vingapi. Watoto wanalala wapi. Milango mingapi, na upande gani.

Bibi Mukabalisa, mjane aliyekuwa akisuka vikapu, alijibu maswali yote kwa utani mpaka tulipofika hapo.

"Umri wangu andika wowote, mwanangu, mchumba hatauona."

"Mlango wa nyuma upo, Bibi?"

Akaacha kusuka. "Mlango wa nyuma unautakia nini?"

"Ni kwa ajili ya usalama, Bibi. Kama moto ukitokea. Mwalimu wetu ametaka tujue familia inaishi katika hali gani."

"Mwaka tisini walipokuja kumchukua mume wangu walikuwa na karatasi," Bibi Mukabalisa akasema. "Na wao walikuwa na adabu kama wewe." Akanitazama mimi. "Kaze, huyu umemleta wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Haya. Andika. Upo, unatokea kwenye migomba. Lakini nimemwambia Kaze, si karatasi."

Nyumba yake ilikuwa ya kumi na sita. Tulipotoka hapo nilikuwa nikifikiria maneno yake, ndiyo maana tulipofika jirani, kwa mwalimu Muhire, nikaandika tena kumi na sita. Niligundua baada ya kubana. Dada Mukantwari alicheka. "Basi iache, tutairekebisha mwishoni zikifika sitini. Usiitoboe karatasi mara mbili." Kuanzia hapo tuliendelea kumi na saba, kumi na nane, kama kawaida. Kosa lile lilikuwa letu sisi wawili. Hakuna mwingine aliyelijua.

Kila asubuhi pini zilikuwa zimegeuka. Kila asubuhi niliziona. Nyuma ya karatasi kulikuwa na kivuli cha buluu, kidogo sana, kama mtu aliyezishika akiwa na rangi mikononi.

Ijumaa ya wiki ya pili Mzee Nsengiyumva alitualika chai. Alikuwa mtu safi, shati jeupe, kola imepigwa pasi hadi inakata. Alimkaribisha Dada Mukantwari kama binti yake, akamsogezea maandazi.

"Na huyu haongei?"

"Ana haya, mzee."

"Vizuri. Wasioongea ndio wanaoandika sawasawa." Alinimiminia chai mwenyewe. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikuwa na buluu kwenye ncha, buluu ya karatasi ya kaboni, ile wanayoweka makarani kati ya karatasi mbili ili maandishi yatoke mara mbili. "Kazi nzuri mnaifanya. Familia lazima zijulikane. Yule mwalimu Muhire, maskini, watoto watano katika chumba kimoja cha nyuma, na dirisha lenyewe halina nondo."

"Kweli, mzee, hali ni ngumu," Dada Mukantwari akasema, akichovya andazi.

Mimi nilishika kikombe. Dirisha lile linatazama ukuta wa choo. Mtu wa barabarani hawezi kuliona. Mimi na Dada Mukantwari tulioneshwa na mke wa Muhire, naye Dada alikuwa ameandika maneno hayo hayo: chumba kimoja cha nyuma, dirisha halina nondo.

Njiani nilisimama.

"Dada, yule mzee..."

"Amekufanya nini?"

Aliuliza haraka, kwa ukali wa kunilinda. Nilimwona yuko tayari kurudi kunigombania. "Hakuna," nikasema.

"Ukiwa na neno useme, Kaze. Mimi ndiyo kazi yangu kusikiliza."

Jumatatu ya wiki ya tatu, chaki ilikuwa milangoni.

Namba ndogo, safi, chini karibu na bawaba, mahali ambapo mtu haangalii akiingia. Moja, mbili, tatu, hadi arobaini, na arobaini ndiyo fomu tuliyomalizia Ijumaa. Chini ya baadhi ya namba kulikuwa na mstari mfupi.

"Ni wa maji hao," mwanamke mmoja alisema bombani. "Wanataka kuhesabu mabomba."

"Maji yapi? Mwaka jana walihesabu, mpaka leo nachota kwako."

"Basi ni wa dawa ya mbu."

"Yampaye inka! Jamani, mbu wa nani ana namba!"

Wakacheka. Mimi nilishuka taratibu nikisoma milango. Kumi na nne. Kumi na tano. Kwa Bibi Mukabalisa, kumi na sita na mstari chini. Kwa mwalimu Muhire, kumi na sita na mstari chini.

Nilisimama kati ya milango ile miwili na jua lilikuwa kali, kuku wanachakura, redio inapiga kelele mahali fulani. Mtu anayehesabu nyumba kwa macho hawezi kuandika kumi na sita mara mbili. Aliyefanya hivyo alikuwa akifuata karatasi. Alikuwa akifuata mkono wangu.

Halafu nikarudi mlango kwa mlango nikiangalia ile mistari. Sikuhitaji fomu. Nilikuwa nimekaa katika kila nyumba wakati Dada Mukantwari akiuliza kabila, nikayasikia majibu. Nyumba za Watutsi zilikuwa na mstari. Nyumba nyingine hazikuwa nao.

Jumatatu hiyo hiyo Mzee Nsengiyumva alikuwa ameondoka kwenda msibani, mkoani. Angerudi Ijumaa. Ndiyo maana kuanzia Jumanne pini zilibaki kama nilivyoziacha, vichwa kushoto, asubuhi zote. Nasi tulikuwa katika safu ya chini, karibu na bonde. Dada Mukantwari alitaka kumaliza, kwa hiyo tulifanya nyumba tano kila siku. Arobaini na moja, hamsini, hamsini na tano. Niliziandika. Niliandika zote huku nikijua. Alhamisi jioni tulifika nyumba ya sitini, na ya sitini ilikuwa ya shangazi Kabagwira.

"Leo msaidizi ndiye mwenyeji!" Dada Mukantwari akasema kwa furaha. Shangazi alituwekea viti nje na ndizi za kuchoma. Alijibu yote bila kuficha kitu, kwa sababu karatasi ilikuwa mikononi mwangu. Kabila, Mtutsi. Vyumba viwili. Mlango mmoja tu.

"Mmoja?" Dada Mukantwari akauliza.

"Wa nyuma niliuziba kwa matofali, baridi ilikuwa inaingia."

Niliandika sitini. Namba ikakaa upande.

Ijumaa saa tano Dada Mukantwari alileta bahasha dukani, imenona. Kesho yake alfajiri alikuwa anasafiri kwenda chuoni nayo. "Zipange zote sitini, msaidizi, uzibane kumi kumi. Na ile kumi na sita yetu irekebishe leo. Mimi nakwenda Kicukiro kumuaga mama mdogo, jioni nazipitia."

Hajafika kona, Mzee Nsengiyumva akaingia dukani. Alikuwa bado na vumbi la safari kwenye viatu, shati jeupe vilevile.

"Salaam, fundi. Nimesikia kazi imekamilika." Aliweka mkono juu ya bahasha, akaipima kwa vidole kama mtu anayepima kitambaa. "Hizi zisilale dukani, kuna panya. Leo zilale kabatini kwangu, zote. Nataka kuziona zote sitini zikiwa pamoja kabla hazijaondoka."

"Mwenyewe atazipitia, mzee," Shafiq akasema.

"Nitamkumbusha." Akatoka.

Mzee Shafiq alitawadha, akavaa kofia yake, akaenda kuswali Ijumaa. Mtaa ulinyamaza kama unavyonyamaza saa ile, maduka wazi, wanaume hawapo. Nilibaki na suruali tatu za kunyoosha na pasi ya mkaa juu ya kibao chake cha chuma.

Nilizipanga kwanza. Hilo silielewi mpaka leo, lakini nilizipanga zote kwa namba, nikafuta ile kumi na sita ya pili na kuandika kumi na saba, kama alivyoniambia, na zote zilizofuata nikazisogeza, hadi shangazi akawa sitini na moja. Zilikuwa nyumba sitini na moja. Hatukuwahi kujua. Kisha nikafungua kifuniko cha pasi, nikakunja karatasi ya mwisho, nikaiweka juu ya makaa.

Karatasi haichomeki kama kuni. Inajikunja kwanza, maandishi yanang'aa, unaweza kuyasoma mara moja zaidi, halafu yanakwenda. Niliyasoma yote. Nilianza na ya mwisho nikarudi nyuma. Nilipofika kwa Bibi Mukabalisa nilisikia, wazi kabisa, nyuma yangu, mtu akisema, "Nimemwambia Kaze." Niligeuka. Dukani hakukuwa na mtu, ila koti la mteja limetundikwa, mikono imening'inia.

Zile arobaini na moja za mwanzo kuzichoma hakukusaidia kitu, nilijua. Nakala zake Mzee Nsengiyumva alikuwa nazo. Kilichobaki nje kilikuwa milango.

Nikachukua suruali tatu mkononi kama ninapeleka kwa wateja, na chaki ya fundi, ile bapa, mfukoni. Wanawake walikuwa jikoni. Nilipita mlango hadi mlango. Nilifuta kwa kitambaa chenye maji na kuandika nyingine, ndogo, safi, chini karibu na bawaba. Niliandika namba zozote. Niliandika thelathini na tatu kwenye nyumba nne. Niliandika kwenye duka la nyama, kwenye choo cha msikiti, kwenye kibanda cha mbuzi. Nyingine niliweka mstari chini, nyingine sikuweka. Mwisho nikafika kwa Mzee Nsengiyumva, nikainama kama mtu anayefunga kiatu, nikamwandikia kumi na sita, na mstari.

Dada Mukantwari alirudi saa kumi.

"Bahasha iko wapi?"

Mzee Shafiq alikuwa amerudi kutoka msikitini. Aliniangalia, akaangalia meza. Akainua kifuniko cha pasi ili aongeze mkaa, akakiona kilichokuwa ndani, majivu mepesi, meupe, yamelala tabaka tabaka. Akafunga kifuniko polepole.

"Leo watu wameingia na kutoka," akasema. "Mimi nilikuwa kuswali."

"Kaze. Nani aliingia? Kaze, niangalie. Nani aliichukua?"

"Sikuona," nikasema.

Alitafuta chini ya meza, ndani ya kapu la vipande, hata ndani ya mifuko ya lile koti. Kisha akaketi sakafuni kati ya nyuzi na akalia kwa sauti, mtu mzima, msomi. "Mwaka wangu. Mwaka wangu wote." Nilitaka kumshika bega. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi, nikavificha ndani ya kanga.

Hakunishuku. Jambo hilo ndilo linaloniamsha usingizini. Kabla ya kuondoka alisema, "Masikini Kaze, na wewe umeipoteza kazi yako," akanikumbatia. Kwa masista hakuna aliyenipeleka. Krismasi ilileta barua moja: chuo kimemwambia aanze upya Septemba, katika mji mwingine. Kalamu bado ninayo, ndiyo hii.

Mzee Nsengiyumva alikuja dukani mwezi wa pili kupimwa suruali. Nilishika mita, nikampima kiuno. Alisubiri mpaka nilipochukua chaki.

"Kaze," akasema kwa upole, "wewe unaandika kwa mkono gani?"

Chaki ilikuwa kushoto. Niliihamishia kulia, nikaandika kipimo chake mbele ya macho yake, vibaya, kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliitazama namba ile muda mrefu. Suruali yake bado imetundikwa hapa, hajaja kuichukua.

Sasa ni Machi 1994, masika yameanza. Mvua imeosha milango yote, namba zake na namba zangu. Lakini nakala zilizo ndani ya kabati la Mzee Nsengiyumva hazinyeshewi. Bibi Mukabalisa nilimpelekea vikapu vyake sokoni nikamwambia aende kwa dada yake. Akacheka, akasema mchumba hatampata huko. Mke wa Muhire nilimwambia kwa mdomo wangu, maneno matatu, akanifungia mlango. Shangazi nimemwomba atoboe matofali. Jana tumeanza, tofali moja moja.

Watu wote wanasema Kaze ana haya, ndiyo maana hasemi. Dada Mukantwari, haikuwa haya. Karatasi hazikuibiwa, nilizichoma mimi. Pini niliziona zimegeuka siku ya tatu, na nilinyamaza kwa sababu kama ningesema, kazi ingeisha, na mimi nilipenda kuitwa msaidizi. Niliwapita Bibi Mukabalisa na watoto wa Muhire nikiwa na bahasha kwapani, na nilinyamaza. Nilinyamaza hata baada ya kuiona mistari. Nilifungua mdomo wa pasi pale tu karatasi zilipofika mlangoni kwetu. Kama nyumba ya shangazi ingekuwa mtaa mwingine, sijui kama ningechoma hata moja.